Nyumba ya baridi Uingereza: Nani anaruhusiwa kufungua faili lako la daktari?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, habari ya mtu kuugua kwa sababu ya baridi ndani ya nyumba yake mwenyewe inaweza kusikika kama kitu cha ajabu. Mtu wa Njombe au Limuru ataelewa haraka zaidi.

Uingereza jambo hilo ni la kila mwaka. Nyumba nyingi ni za zamani, kuta hazishiki joto, na njia kuu ya kupasha nyumba ni gesi inayochemsha maji kwenye boila. Maji hayo huzunguka ndani ya vyuma vilivyofungwa ukutani katika kila chumba. Boila ikiharibika, au hela ya gesi ikiisha, nyumba inapoa ndani ya saa chache.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18. Kwa mtu mwenye afya njema, nyuzi 14 ni kero tu ya kuvaa jaketi sebuleni. Kwa mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu au selimundu, inaweza kuwa safari ya kulazwa.

Sasa hapo ndipo swali gumu linapoanza. Ili serikali au kampuni ya gesi imsaidie mgonjwa anayekaa kwenye baridi, lazima kwanza ijue kuwa ni mgonjwa. Na taarifa hiyo iko kwenye faili la daktari.

Faili hilo hilo, miaka michache iliyopita, lilitumika kuwatafuta wahamiaji.

Bei ilivyopanda

Matatizo ya joto hayakuanza na vita vya Ukraine, lakini vita viliyafanya yaonekane kwa kila mtu. Kikomo cha bei kinachowekwa na mdhibiti wa nishati, Ofgem, kilikuwa kama pauni 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida katika majira ya baridi ya 2021. Aprili 2022 kikapanda hadi pauni 1,971. Kufikia Oktoba mwaka huo serikali ililazimika kuingilia kati ili bili ya nyumba ya kawaida isivuke sana pauni 2,500.

Yaani karibu mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Watu walianza kupasha chumba kimoja tu, wengine wakawasha boila saa moja jioni na kuizima saa mbili. Waliokuwa na mita za kulipia kabla waliumia zaidi. Mita hizi ni sawa na LUKU za Tanzania au tokeni za Kenya: ukimaliza salio, umeme au gesi inakatika yenyewe. Hakuna anayekuja kukukatia, na kwa hiyo hakuna anayejua kuwa umekatikiwa.

Februari 2023 gazeti la The Times lilifichua kwamba mawakala waliofanya kazi kwa niaba ya British Gas walikuwa wakiingia kwa nguvu, wakiwa na hati za mahakama, kwenye nyumba za watu wenye madeni na kuwafungia mita hizo. Baadhi ya nyumba zilikuwa na wagonjwa na watoto wadogo. Kampuni iliomba radhi, mahakama zikaambiwa zisitishe kutoa hati hizo, na Ofgem ikaandika masharti mapya.

Masharti hayo yanastahili kusomwa polepole, hasa na yeyote mwenye ndugu kule. Yanakataza kumfungia mtu mita ya kulipia kabla kwa nguvu kama ana umri wa zaidi ya miaka 75 na hana msaada nyumbani, kama kuna mtoto wa chini ya miaka 2, kama anategemea mashine ya matibabu inayotumia umeme, au kama ana ugonjwa unaohitaji nyumba yenye joto. Kati ya magonjwa yanayotajwa kama mfano ni selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kiafrika zinaujua kwa majina ya watoto wao.

Baridi ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali ya selimundu. Kwa hiyo sheria imeona mbali.

Lakini kampuni ya gesi itajuaje kuwa una selimundu? Itabidi uiambie, au mtu mwingine aiambie.

Orodha inayotunzwa na kampuni

Njia rasmi ipo. Kila kampuni ya umeme na gesi Uingereza inatunza orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi wa pekee: wazee, walemavu, wenye watoto wachanga, wenye mashine za oksijeni nyumbani. Kujiandikisha ni bure. Ukiwa humo, umeme ukikatika mtaani unapewa taarifa mapema na msaada wa haraka.

Ukikubali, kampuni yako inaweza kuzipitisha taarifa hizo kwa kampuni ya nyaya za umeme na hata ya maji. Ni jambo la maana, maana mwenye mashine ya kusafisha figo nyumbani anahitaji vyote viwili. Ila pia ina maana kwamba kitu ulichomnong'oneza daktari sasa kiko kwenye kompyuta za kampuni tatu za biashara.

Wengi wanakubali bila shida. Wengine hawajui kabisa kama orodha ipo.

Na wapo wanaoijua lakini hawataki jina lao liandikwe popote. Hao ndio wenye hadithi ndefu zaidi.

Dawa ya joto

Majira ya baridi ya 2021 kuelekea 2022, katika mkoa wa Gloucestershire, magharibi mwa England, kulifanyika jaribio dogo lenye wazo rahisi sana: kama baridi ndiyo inayomuugua mgonjwa, kwa nini daktari asimwandikie joto?

Walichaguliwa wagonjwa 28 wa kipato cha chini ambao magonjwa yao huzidi kukiwa na baridi. Wahudumu wa afya ndio waliopitia rekodi zao na kuwatambua. Kisha bili zao za kupasha nyumba zikalipiwa ili nyumba zibaki na joto kipindi chote cha baridi. Majira yaliyofuata mpango ukapanuliwa hadi mamia ya nyumba England na Scotland.

Hoja ya kiuchumi haihitaji hesabu ngumu: kulaza mtu mwenye mapafu mabovu kwa wiki moja ni gharama kubwa kuliko kumwashia boila. Tangu Machi 2015 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, imekuwa ikiwataka wahudumu wa afya wawaulize wagonjwa kuhusu hali ya nyumba zao na kuwaelekeza kwenye msaada.

Kilichofanya jaribio la Gloucestershire liende vizuri ni jambo ambalo wengi hulipita haraka. Aliyefungua faili alikuwa mtu ambaye tayari alikuwa na haki ya kulifungua, kwa sababu anamtibu mgonjwa huyo. Mgonjwa akaulizwa, akakubali. Faili halikupelekwa wizarani ili ofisa asiyemjua atafute majina.

Linganisha na misaada mingine ya serikali. Punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme hutolewa kwa kuangalia orodha za mafao, na hadi 2025 pia taarifa za aina ya nyumba, kwa kutumia Sheria ya Uchumi wa Kidijitali ya 2017. Kompyuta ndiyo inayochagua. Inafanya kazi haraka na mamilioni hupata hela bila kujaza fomu. Tatizo ni kwamba kompyuta inaangalia orodha ya mafao, na mtu ambaye hayumo kwenye orodha hiyo haonekani hata kama anatetemeka.

Na nani hayumo? Wahamiaji wengi. Viza nyingi za kazi, zikiwemo za wahudumu wa wazee ambazo zimewapeleka Waafrika wengi Uingereza miaka ya karibuni, zina sharti la kutogusa mafao ya serikali. Mtu anafanya kazi usiku kucha akiwageuza wazee kitandani, analipa kodi, anarudi kwenye chumba cha kupanga chenye mita ya kulipia kabla, na kwenye mfumo wa misaada ya joto hayupo.

Yuko kwenye orodha moja tu: ya daktari wa mtaa. Kujiandikisha kwa daktari huyo ni bure kwa kila mtu anayeishi England, na kituo hakitakiwi kumkataa mtu kwa sababu hana pasipoti au uthibitisho wa anwani. Kwa hiyo orodha ya wagonjwa ndiyo inayoweza kumfikia mtu ambaye orodha nyingine zote zimemruka.

Wizara ya Mambo ya Ndani ililiona hilo pia.

Makubaliano ya 2017

Januari 2017 iliwekwa hadharani hati ya makubaliano kati ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza na NHS Digital, taasisi iliyokuwa ikitunza data za huduma ya taifa ya afya. Hati ilieleza jinsi maofisa wa uhamiaji wanavyoweza kuomba taarifa za mtu aliyepotea machoni mwao: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya mwisho, na amejiandikisha kwa daktari wa eneo gani.

Haukuwa mpango wa kwenye karatasi tu. Katika miezi 11 ya mwanzo ya mwaka 2016, kabla hata hati hiyo haijajulikana na umma, maombi ya aina hiyo yalikuwa yamezidi 8,000.

Utetezi wa serikali ulikuwa kwamba hakuna siri ya tiba iliyotoka. Ofisa haambiwi una ugonjwa gani. Anaambiwa unakaa wapi. Eti anwani ni taarifa ya kawaida ya kiutawala, kama ile iliyo kwenye ofisi ya kodi.

Kamati ya afya ya Bunge, wakati huo ikiongozwa na Sarah Wollaston ambaye kitaaluma alikuwa daktari, haikukubaliana. Mapema 2018 iliitaka NHS Digital isitishe mpango huo. Kwa kamati hiyo, anwani uliyompa daktari ili utibiwe ni siri ya tiba sawasawa na majibu ya vipimo vyako. Shirika la Doctors of the World, lenye kliniki ya watu wasiofika kwa madaktari wa kawaida, lilieleza mbele ya kamati namna hofu ilivyokuwa ikiwazuia wagonjwa kutafuta matibabu.

Ukifikiria vizuri, kwa mtu anayejificha, anwani ndiyo siri kubwa kuliko zote. Kisukari hakimfungi mtu.

Mei 2018 serikali ilirudi nyuma na kusema taarifa zitatolewa kwa wanaohusishwa na uhalifu mkubwa tu. Novemba mwaka huo huo, baada ya Migrants' Rights Network kwenda mahakamani, hati ikaondolewa kabisa.

Hati imekufa. Habari yake haijafa. Katika jamii za wahamiaji habari hutembea kwa simu na baada ya ibada, na haziji na masahihisho. Mtu aliyesikia mwaka 2017 kwamba "hospitali wanawapa uhamiaji majina" anaweza asisikie kamwe kwamba mpango ulifutwa. Isitoshe, kuna jambo jingine ambalo bado lipo: mgeni asiyestahili tiba ya bure akidaiwa na hospitali pauni 500 au zaidi kwa zaidi ya miezi miwili, deni hilo linaweza kufikishwa Wizara ya Mambo ya Ndani na kumharibia maombi ya viza. Hiyo ni hospitali, si daktari wa mtaa. Mitaani tofauti hiyo hupotea.

Ukimya nao unaua

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema faili lifungwe, mtu yeyote asiliguse. Kifo cha Awaab Ishak kinazuia jibu hilo jepesi.

Awaab alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, kaskazini mwa England, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Waliishi kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala ya shirika la nyumba za bei nafuu, yenye kuvu nyeusi ukutani, ile inayoota mahali penye unyevu na hewa isiyozunguka. Baba alilalamika kuanzia 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake.

Novemba 2022 mchunguzi rasmi wa vifo alihitimisha kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye kuvu hiyo. Ilibainika pia kwamba mwenye nyumba alijenga dhana kuhusu mtindo wa maisha ya familia, kana kwamba kuvu ilisababishwa na namna wanavyooga.

Julai 2020, miezi kadhaa kabla ya kifo, muuguzi anayetembelea familia alikuwa amemwandikia mwenye nyumba kueleza wasiwasi wake. Mtu wa afya aliona na akaandika. Barua haikuokoa kitu, na taarifa kuhusu hali ya ile nyumba hazikuwafikia watoa huduma wote waliopaswa kuzijua.

Hapa serikali haikuchungulia kupita kiasi. Waliokuwa na taarifa hawakuunganishwa, na aliyekuwa na uwezo wa kurekebisha ukuta hakulazimishwa na mtu. Sheria iliyopewa jina la Awaab, iliyoanza kutumika England Oktoba 27, 2025, inawapa wenye nyumba za kijamii saa 24 kushughulikia hatari za dharura, na siku 10 za kazi kuchunguza unyevu na kuvu. Afya ya anayeishi ndani lazima izingatiwe. Maana yake mpangaji mwenye mtoto wa pumu ana sababu nzuri ya kumwambia mwenye nyumba kuhusu pumu hiyo.

Imani ilivyopotea mara mbili

Wenyeji nao wana wasiwasi wao, hata wale wenye pasipoti ya Uingereza tangu kuzaliwa. Januari 2014 serikali ilisambaza vipeperushi nyumba kwa nyumba kuhusu mpango ulioitwa care.data, wa kukusanya rekodi za madaktari wa mtaa mahali pamoja. Wengi walisema hawakukiona kipeperushi au walidhani ni tangazo la piza. Mpango ukasimamishwa mwezi uliofuata, na Julai 2016 ukafungwa.

Mwaka 2021 ulikuja mpango mwingine wa aina hiyo, safari hii wananchi wakipewa wiki chache tu kujitoa. Ndani ya mwezi Juni pekee watu zaidi ya milioni moja walijitoa. Serikali ikaahirisha.

Novemba 2023 kampuni ya Kimarekani ya Palantir, iliyojijengea jina kwa kazi za kijasusi na kijeshi, ilipewa mkataba wa pauni milioni 330 kwa miaka saba kujenga jukwaa la data la NHS nchini England. Wizara inasema data inabaki mali ya NHS na kampuni haiwezi kuitumia kwa mambo yake. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini kwa mtu aliyeona yaliyotokea 2017, neno "inasema" lina uzito mdogo.

Marekani nako hali ni hiyo hiyo, tena kwa kasi. Aprili 2025 serikali iliwafuta kazi watumishi waliokuwa wakisimamia mpango wa shirikisho unaosaidia takriban familia milioni 6 kulipia joto na umeme. Miezi miwili baadaye ikafahamika kwamba taarifa za mamilioni ya watu wanaotumia bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, zimepelekwa wizara inayosimamia uhamiaji. Majimbo 20 yalikwenda mahakamani, na Agosti jaji wa San Francisco akazuia kwa muda matumizi ya data hizo katika majimbo yaliyoshtaki.

Ndugu yako akiwa kule, afanye nini?

England mgonjwa ana haki ya kukataa rekodi zake zisitumike kwa utafiti na mipango. Kuna kukataa kwa aina mbili: kwa kujaza fomu kwa daktari wa mtaa, na kupitia mtandao wa NHS. Hakuna kati ya hizo inayomzuia daktari kumtibu, wala inayofanya faili lisomeke kidogo anapofika na gari la wagonjwa.

Lakini kujitoa huko hakuzuii uhamiaji kuuliza. Ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya.

Kwa upande wa joto, kujiandikisha kwenye orodha ya uangalizi ya kampuni ya gesi au umeme hakutegemei aina ya viza. Mtu anaweza kueleza hitaji lake bila kutoa faili zima: inatosha kusema kuna mgonjwa wa selimundu ndani, au kuna mashine ya oksijeni. Anaweza pia kukataa taarifa zisipelekwe kwa kampuni nyingine. Asiyeonekana kwenye orodha hiyo anaweza kubadilishiwa mita ya kisasa iwe ya kulipia kabla bila fundi kuja kuifunga, kwa sababu siku hizi hubadilishwa kutoka ofisini, kwa kubonyeza tu.